Miayo

Wa kwanza kupiga miayo alikuwa mzee wetu wa maskani, baharia wa zamani aliyetutangulia sote kwa umri na kwa unga, yaani heroini. Nikafuata mimi. Akafuata kijana wa Majengo aliyekuwa akisukuma mkokoteni, kisha ndugu wawili ambao hawakuachana hata wakienda kuomba. Hazikupita dakika tano, watu saba tumekaa kwenye baraza la nyumba mbovu nyuma ya soko la samaki, Mji wa Kale, Mombasa, tunaachama vinywa kwa zamu kama makinda ya ndege. Mpita njia angedhani tumekesha harusini. Hakuna aliyecheka. Kila teja anaijua miayo ile; ni arosto, mateso ya kukosa unga, inabisha hodi, na ikishabisha haina adabu ya kurudi.

Ilikuwa Januari 2011, katikati ya kaskazi. Tangu Desemba unga ulikuwa umeadimika pwani yote, Mombasa, Malindi, mpaka Watamu. Huko Nairobi waziri alikuwa amesimama Bungeni kuzungumzia wanaoshukiwa kuingiza dawa za kulevya, misako ikapamba moto, na mzigo ukapotea. Sisi siasa hatukuwa na haja nayo, tulichokijua ni bei. Kete niliyokuwa nikinunua shilingi 200 ikafika 500, na ukiifungua ndani mna panadol iliyosagwa kuliko unga. Wenye pesa kidogo wakahamia vidonge vya madukani, wanameza chochote chenye kulaza. Sisi tusiokuwa nazo tukabaki barazani tukitazamana.

Mara yangu ya mwisho ilikuwa saa nne usiku, nusu kete tuliyogawana watu wawili. Sasa ilikuwa saa mbili asubuhi. Mimi sikuwa mtu wa sindano. Nilianzia kwenye kokteli, bangi iliyotiwa unga, enzi nikiwatembeza watalii Fort Jesus, kisha nikahamia kwenye karatasi ya foili. Miaka sita. Watu wa foili tulikuwa na majivuno yetu: tuliamini arosto yetu ni nyepesi kuliko ya wanaojidunga. Nilikuwa nimeonja arosto za saa tano, saa sita, za kukimbizana na pesa, nikadhani naijua.

Baharia akanyanyuka, akajipangusa kamasi kwa mkono wa shati. "Haya wanangu," akasema, "kila mtu akafie kwao." Ulikuwa mzaha.

Mamangu nilimkuta mlangoni anakaanga viazi karai, biashara iliyotulisha tangu babangu afariki. Unga huziba pua kama vile huziba mengine, hata nilikuwa nimesahau kwamba nyumba yetu ina harufu. Asubuhi ile pua ilizibuka ghafla. Mafuta yale yale niliyokulia nayo yalinipiga nikatapika palepale penye ngazi, mbele ya wateja. Mama akaniangalia, wala hakupiga kelele. Bangili zake nne za dhahabu zilishapitia mikononi mwangu zikaenda zao, na nadhani mshangao wake ulikwenda nazo.

"Leo hukupata," akasema.

"Sikupata, mama."

Akazima jiko. Akawaambia wateja leo basi. Akanipandisha ghorofani, akafunga mlango wa nyumba kwa ndani, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake. Nilimwona anaufunga. Siku zile zote nililijua lile fundo lilipo kuliko nilivyoijua sura yake.

Chafya zilianza kabla ya adhuhuri. Miaka sita sikumbuki kupiga chafya, na siku ile zilikuja ishirini kwa mfululizo mpaka mbavu zikauma. Machozi yananitoka na sina kilio. Mwanga wa dirishani ukawa wanichoma macho, mama akatundika leso. Kisha vinyweleo vikasimama mwili mzima, ngozi ikawa ya kuku aliyenyonyolewa, na baridi ikaingia. Mombasa, Januari, msimu ambao paka hulala sakafuni kutafuta ubaridi, mimi niko chini ya mablanketi mawili meno yanagongana. Nikifunikwa naungua, nikifunuliwa naganda. Pangaboi likizunguka, upepo wake unapita juu ya ngozi kama mtu anayenisugua kwa msasa. Nikaomba lizimwe. Lilipozimwa nikalia kwa joto.

Niliwahi kusoma kijikaratasi kinachosema arosto ni kama mafua makali. Aliyekiandika labda ana mafua ya kwao.

Tumbo ndilo lililonivua utu. Unga hufunga choo; kwangu ilishafika mara moja kwa wiki, nikiona ni sawa. Jioni ile deni lote lilidaiwa kwa mpigo. Mama akanitandikia mkeka chini, mlangoni pa choo, kwa sababu ngazi ilishakuwa safari ndefu. Na mji wetu maji ya bomba yana siku zake. Alinunua kwa mwenye mkokoteni, mitungi ya lita ishirini, na siku ya pili ikafika mitungi tisa. Muuza maji alipoleta wa tisa akauliza kwa mlangoni, "Mama, kuna harusi hapa?"

"Naam," nikamsikia mama, "twaoza."

Nilicheka. Kucheka kukanikaba tumbo, nikarudi chooni kwa magoti.

Usiku wa pili ndio uliokuwa na kina. Maumivu hayakukaa mahali nikaweza kuyashika. Yalikuwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, hasa magotini na kiunoni, kama mchwa anatafuna mbao usiku nawe umelala ndani ya mbao hiyo. Miguu ikaanza kurusha mateke yenyewe. Naikunja, inajikunjua. Naibana kwa mito, inaipiga mito. Nikampiga mama teke la paja, akahama upande wa pili, akaendelea kunikanda mafuta ya nazi kana kwamba amepigwa na mtoto wa miezi mitatu. Usingizi hamna. Si kwamba ulikuwa mwepesi. Haukuwepo, siku nne sikufumba jicho. Saa nilizihesabu kwa adhana, na baina ya Isha na Alfajiri hapana adhana, kwa hiyo usiku haukuwa na vipande, ulikuwa mmoja mzima. Kuna jambo jingine ambalo mwili wa mwanamume hulifanya wenyewe katika hali ile, bila matamanio wala ruhusa. Kwa heshima ya mama aliyekuwa chumbani sitalieleza. Waliopita huko wanalijua.

Kibaya zaidi ni kujua kwamba dawa ipo. Mwenye malaria hajui hasa ni lini atapona. Mimi nilijua kwa dakika: kete moja, pumzi tatu, na haya yote yanakatika kama taa. Mwili nao ulilijua hilo, ukawa unanisemesha kwa sauti yangu mwenyewe.

Mwaka 2015, nilipoanza kunywa methadoni, dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya unga, muuguzi mmoja alinieleza yaliyonipata kwa mfano ambao sikuusahau. Unga ni mkokoteni wenye mzigo unaokusukuma kuteremka mlimani, akasema, na ubongo wako kwa miaka sita umejifunza kusukuma kinyume kwa nguvu zote ili usianguke. Sasa mkokoteni unaondolewa ghafla. Mikono bado inasukuma, na kilichoshikiliwa hakipo. Ndiyo hiyo miayo, hizo chafya, hilo tumbo, huo moyo unaokwenda mbio: ni nguvu zako mwenyewe zilizokosa cha kusukumia. Nilimuuliza kama dawa ile ilikuwepo mwaka wangu wa mkeka. Akaniambia hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuitoa Februari 2011. Wiki chache tu baada yangu, na mpaka mmoja katikati.

Siku ya tatu mchana nilisikia jeneza.

Vichochoro vyetu ni vyembamba, maiti ikipita chini ya dirisha unaisikia kabla ya sauti za watu, kwa viatu. "La ilaha illa Llah," mara kwa mara, ile sauti nzito ya wanaume wanaopokezana. Nilikuwa nimelala kifudifudi, shavu kwenye saruji, na mtikisiko wa nyayo zao niliusikia kwa meno.

"Nani?"

"Lala, mwanangu."

"Nani, mama?"

Akakaa kimya mpaka wakapita. "Yule baharia wenu. Alikutwa alfajiri, sindano iko mkononi."

Sasa naweza kueleza vilivyokwenda. Alikuwa amekauka siku tatu kama sisi, na mwili uliokauka hushuka. Kipimo alichokizoea Jumatatu hakikuwa tena kipimo chake Alhamisi. Akajidunga cha Jumatatu. Wengi wanakufa hivyo, wakitoka jela, wakitoka hospitali, wakitoka msimu kama ule.

Lakini hayo ni ya sasa. Pale sakafuni mzee aliyenigawia mkate wake mara ngapi sijui ametoka kupita chini ya dirisha langu, na nilichowaza kwanza, kabla ya "Inna lillahi," kilikuwa: kapata. Kumbe unga upo. Na wazo la pili likaja nyuma yake bila kupumzika: hakuwa mtu wa kumaliza vyote. Alikuwa na tundu lake ukutani, nyuma ya jiwe la tatu pale maskani, na mimi nililijua.

Nikaanza kulia. Machozi sikuyatafuta, yalikuwa yanatoka siku ya tatu sasa, nikayapa kazi. "Mama, nifungulie nikamzike. Ni haki yake juu yangu."

Mama alinitazama kwa muda. Mkono wake ulikuwa juu ya fundo la leso.

"Utamzika vipi weye," akasema, "na udhu wenyewe haukai?"

Akaenda kunifungulia dafu, akatia chumvi kidogo, akanishika kichwa ninywe. Nililitapika. Akafungua la pili.

Yaliyobaki yalikwenda kama homa inavyokwenda. Siku ya nne dafu lilikaa. Siku ya tano nikalala saa nzima, nikaamka nikidhani nimekufa, na uji wa mchele nikaumaliza bakuli. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine, mzee, lakini ilitulia. Mama alichoka mpaka akawa anasinzia amekaa, leso mabegani, na lile fundo liko wazi mbele yangu. Sikuligusa. Ningependa kusema ni kwa heshima. Sikuwa na nguvu za kuteremka ngazi.

Siku ya sita alilifungua mwenyewe. Alikuwa amenipigia pasi kanzu, na kofia ya babangu ameitoa sandukuni. "Nenda ukamsomee Fatiha mzee wa watu," akasema, "kisha urudi ule." Alisimama mlangoni. Nilihisi macho yake mgongoni mpaka nilipokata kona.

Makaburini ni kwenda moja kwa moja. Nilikata kushoto.

Barazani hapakuwa na mtu. Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe, wa zamani, chokaa yake inamomonyoka ukiigusa. Jiwe la tatu lilitoka bila kuvutwa. Nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, nikapapasa pembe zote. Tundu lilikuwa tupu, na chini, kwenye sakafu iliyofagiliwa na upepo, palikuwa na kifusi cha chokaa mbichi nyeupe, iliyokwaruzwa si zamani.

Nilipogeuka nikamwona kijana wa Majengo ametokea kwenye kichochoro. Amekonda, macho yamezama, naye kavaa kanzu safi. Vidole vyake vilikuwa vyeupe mpaka kwenye kucha. Akaviangalia vyangu.

Tukapeana mkono.

"Watoka makaburini?" akaniuliza.

"Ndiyo nakwenda," nikasema.