Saa Kumi na Moja Jioni

Wapendwa katika Bwana, Bwana Yesu asifiwe.

Juma hili sikulianza vizuri, na afadhali niliseme jambo hilo mapema kuliko kuwaandikia kana kwamba nimeshuka mlimani na mbao za sheria mikononi. Jumamosi iliyopita jumuiya yetu ilifanya uchaguzi, na kazi ya ukatibu, ambayo nimeishika kwa miaka 14, ikaenda kwa dada mmoja ambaye hajatimiza hata miaka miwili tangu ahamie mtaani kwetu. Nilipiga makofi pamoja na wengine, nikatoa na neno la pongezi, kisha nikarudi nyumbani na daftari la jumuiya kwapani, kwa kuwa nilikuwa nimejisahaulisha kulikabidhi.

Jumatatu mjukuu wangu wa darasa la tatu akaja na kazi ya shule ya kusoma saa. Mshale mfupi wa saa yetu ya ukutani ulikuwa kwenye tano, nami nikamwambia kwamba ni saa kumi na moja. Akanitazama kwa huruma, kama watoto wanavyowatazama wazee wanaoanza kupoteza fahamu, akasema, "Bibi, mbona pameandikwa tano?" Nilifundisha fizikia sekondari hadi nilipostaafu, kwa hiyo swali la namna hiyo kwangu ni karamu. Nikamwambia avuke katikati ya saa kwa mstari ulionyooka, asome namba iliyo upande wa pili, kwa sababu sisi twahesabu saa tangu jua linapochomoza na saa za Kizungu zahesabiwa tangu katikati ya usiku, na baina ya hesabu hizo mbili kuna saa sita, ambazo ni nusu ya duara. Akataka kujua kwa nini Wazungu nao hawahesabu tangu jua linapochomoza. Nikamjibu kwamba jua la kwao halitunzi miadi: mjini London mchana wa Juni hufikia saa 16 na nusu, na mchana wa Desemba hautimizi hata saa 8, ilhali Dar es Salaam mchana mrefu kuliko yote huuzidi ule mfupi kuliko yote kwa muda usiofika saa moja. Sisi tulio karibu na ikweta twaweza kulitegemea jua kama mlinzi wa zamu asiyechelewa. (Pengine ndiyo maana jina lake na kitenzi cha kupata habari ni neno moja kwetu, wataalamu wa lugha watanisamehe, huo ni mzaha wa bibi kwa mjukuu.)

Mnaona basi kwamba Biblia tunaisoma kwa saa ile ile tuliyo nayo mkononi. Petro aliposema siku ya Pentekoste kwamba watu hawajalewa kwa kuwa ni saa tatu ya mchana, hatuhitaji mtu wa kutufafanulia, kwa maana saa tatu ni wakati wa chai. Bwana mwenyewe aliuliza, "Je! Saa za mchana si kumi na mbili?" na kwetu jibu ni ndiyo, leo kama siku ile. Ipo tofauti moja tu ndogo, nayo inanifurahisha: watu wa wakati ule waligawa mchana mafungu kumi na mawili bila kujali urefu wake, hata saa zao zikawa kama mpira, zikirefuka wakati wa joto na kufupika wakati wa baridi.

Nilipokuwa nikimweleza mtoto habari za saa kumi na moja, neno la Mathayo 20 likanijia bila kuitwa. Mwenye shamba la mizabibu alitoka alfajiri kuajiri watu, akatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa, na mwisho saa kumi na moja, wakati mama lishe wanapokosha sufuria zao, akawakuta wengine wamesimama bila kazi. Jioni kila mmoja akapewa dinari moja, nao wa kwanza wakanung'unika kwamba wale wa mwisho wamefanya kazi saa moja tu. Mwalimu wa fizikia ndani yangu akaanza kupiga hesabu: zabibu za nchi ile huvunwa siku zikiwa bado ndefu, mchana una saa 13 hivi za kwetu, kwa hiyo hiyo "saa moja tu" ilikuwa na dakika 65, na manung'uniko yao yamepunguza dakika tano za haki ya wenzao. Nikacheka peke yangu. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu tangu Jumamosi na mimi nilikuwa nikipiga hesabu ya namna ile ile: miaka 14, vikao vingapi, wagonjwa wangapi, misiba mingapi, dhidi ya miaka miwili isiyotimia.

Mwenye shamba anamwuliza yule mnung'unikaji kama jicho lake limekuwa ovu kwa sababu yeye ni mwema. Hapo Kiswahili hakituachi mahali pa kujificha, kwa maana mtu anayeumia kwa mema ya mwenzake sisi twasema ana kijicho, yaani jicho lililopunguka likawa dogo.

Jumanne usiku umeme ulikatika, nasi tukatoka uani. Mwezi mchanga wa siku nne ulikuwa unaelekea kuzama, mawingu ya vuli yamepisha, na upande wa kaskazini mashariki Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kilikwisha kupanda, kile kile ambacho Mungu alimwuliza Ayubu kama aweza kuufunga mnyororo wake. Mtoto akahesabu nyota sita. Mimi niliona ukungu mdogo tu, kama mtu aliyepuliza unga. Sababu yake naijua, kwa kuwa nimeifundisha: mboni, ule mlango mweusi wa jicho, juani hujibana hadi milimita 2 hivi na gizani hufunguka hadi 7 kwa kijana, hata eneo linalopitisha mwanga likaongezeka zaidi ya mara kumi, bali mtu akizeeka mlango huo huwa mgumu, hauachii kama zamani. Nyota ni zile zile. Mlango wangu ndio uliopungua.

Wapendwa, hapa nasema na wazee wenzangu, na ninaanza na nafsi yangu. Sisi tuliokaa kanisani miaka mingi tumekuwa na mboni ngumu. Tuna funguo za kabati la vikombe na hakuna mwingine anayejua zilipo. Tuna kiti chetu, na mgeni akikikalia twasimama pembeni yake tukikohoa. Twafunga na kuomba Bwana alete uamsho, na uamsho ukija umebebwa na mtu tusiyemzoea, twauliza amebatizwa usharika gani na nani anamfahamu. Tumestahimili hari ya mchana kutwa, hilo ni kweli na Bwana hakulikana, lakini tulipoitwa alfajiri tulikuwa tumepatana naye dinari moja, wala hatukupatana naye kwamba jirani apewe pungufu. Ndugu yangu, dada yangu, ukiona neema ya mwenzako inakuuma, usimchunguze mwenzako, chunguza jicho.

Tena tunajuaje ni nani aliyechelewa? Mwanga wa mwezi tuliouona usiku ule ulikuwa umesafiri sekunde moja na kidogo, na ule wa Kilimia ulikuwa njiani kwa miaka 440 hivi. Ulianza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Yote miwili iliingia katika jicho moja, la mtoto mmoja, usiku mmoja. Wale wa saa kumi na moja walipoulizwa mbona wamesimama mchana kutwa, walijibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri, na sijawahi kutafakari uchungu wa jibu hilo hadi juma hili. Huyo dada mimi namhesabia miaka miwili kwa sababu ndipo alipofika mbele ya macho yangu. Safari yake ya huko nyuma sikuwahi kumwuliza.

Tulipoingia ndani nikawasha mshumaa, nikalifungua daftari kwa nia ya kunakili majina ya wagonjwa. Ukurasa wa kwanza una mwandiko wa marehemu mama aliyenitangulia, wenye herufi kubwa zilizolala, na chini yake, kwa wino mwingine, mwandiko wangu unaanza. Nikatazama tarehe. Siku niliyokabidhiwa kazi ile nilikuwa na miezi 11 tu katika jumuiya hii. Mama yule alinikabidhi kalamu yake pamoja na daftari, akanipikia na ndizi, na kama moyo wake uliuma, mimi sikuuona.

Ninapowaandikia haya daftari lingali mezani. Mchana huu nimempigia simu katibu wetu mpya kwamba nitamletea kesho saa kumi na moja. Akauliza, "Ya jioni, Mama, au ya alfajiri?" Nikamwambia ya jioni, naye akasema nije na mjukuu, chai itakuwa tayari. Niombeeni nisigeuke nikiwa njiani.