Bidoni za mama muuza sambaza zilivyonisaidia kueleza historia ya mvua

Hapa Kadutu, Bukavu, tuko watu saba tunaopenda habari za hali ya hewa. Wenzangu walinipa kazi ya kueleza kwa kuwa nilisoma jiografia. Nilianza na ramani ya upepo na ule ukanda wa mvua unaofuata jua, unaotuletea mvua tangu Septemba hadi Mei kisha kutuachia kiangazi. Walisikiliza kwa heshima, lakini hakuna aliyeuliza swali. Kimya kile kiliniuma.

Jumapili moja mzee wetu seremala alisema mvua za siku hizi hazifikii zile za ujana wake. Mama mmoja anayeanika sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akakataa: "Hapana, Papa. Hizi ndizo kali, mimi zinaniharibia samaki kila wiki." Walibishana hadi jioni na hakuna aliyeshinda, maana hakuna kati yao aliyewahi kupima. Kumbukumbu hushika mvua iliyobomoa ukuta. Ile iliyonyesha tu ikapita inasahaulika. Nikamwuliza mama alijuaje kwamba mvua ya jana ilikuwa kubwa. Akajibu palepale: "Ilijaza pipa na bidoni sita na nusu."

Moyo ulinidunda. Pipa lake ni la lita 200, kila bidoni, yaani dumu, lita 20: jumla lita 330. Tulikwenda kwake na futi, tukapima eneo lililofunikwa na bati linalomwaga maji kwenye mfereji wake. Tulipima chini ardhini, kwa sababu mteremko wa bati hauongezi mvua. Mita 4 kwa 5. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo pale milimita 10 hujaza pipa. Mvua ya mama ilikuwa milimita 16.5. Kopo langu la maziwa lenye ubavu ulionyooka, ninalopimia mvua, lilikuwa limeonyesha milimita 17. Hiyo nusu milimita iliyopungua ilirukia nje ya mfereji. Mama alishika kopo kwa mikono miwili, akalitazama muda mrefu.

Kuanzia hapo maswali hayakuisha. Radi ikimulika tunahesabu hadi ngurumo ifike, sekunde tatu kwa kilomita. Ndipo nikawaeleza jinsi radi zenyewe zilivyohesabiwa: setilaiti ya Marekani na Japani iliyorushwa 1997 ilizitazama usiku na mchana kwa miaka mingi, hata juu ya misitu isiyo na mtu wa kuandika. Matokeo yaliyotoka 2016 yaliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela mbele, radi kama 233 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka. La pili ni eneo la huku mashariki ya Congo, waliloliandika kwa jina la Kabare: kama 205. Hewa yenye unyevu wa msitu hupanda milima yetu, mawingu yanarefuka hadi kwenye baridi kali, na humo vipande vya barafu vinagongana na kuzaa umeme.

Mzee aliomba nirudie hiyo namba.

Daftari letu la mvua linakaa kwa mama, ndani ya mfuko wa plastiki: tarehe, saa, mapipa, milimita, sekunde za ngurumo. Wiki iliyofuata mzee alinunua la kwake, akaenda kupima bati la karakana yake.