RxDBGrid, Zeos na duka la shangazi

Shangazi yangu anauza vifaa vya ujenzi, misumari, nondo, saruji, rangi, mabomba, na stoo yote ilikua kwenye kaunta buku. Siku moja naenda kumsalimia, hata shikamoo hajamaliza kuitikia akaniambia mwanangu wewe si ndo unatengeneza hizo programu, nitengenezee na mimi nijue mzigo umebaki kiasi gani. Nikakubali palepale.

Nilichagua Lazarus, programu ya kutengenezea programu kwa lugha ya Pascal. Delphi, inayofanana nayo, nayo ina toleo la bure, Community Edition, ila mapato yako yakifika zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka hilo toleo halikuhusu tena, na mi nilitaka kitu ambacho sitakuja kuhesabiwa mapato. Lazarus ni bure moja kwa moja, na leseni ya maktaba zake inakuruhusu kuuza programu yako bila kulazimika kutoa sosi kodi yako, yaani maandishi ya programu yenyewe.

Databesi nikaweka SQLite, ambayo inakaa kwenye faili moja tu. Mnyororo wa komponenti, yaani vipande vilivyo tayari unavyoweka kwenye fomu, ndo huu, unaweka TSQLite3Connection, unaiunganisha na TSQLTransaction, alafu TSQLQuery, alafu TDataSource, mwisho kabisa ndo DBGrid, gridi au jedwali ambalo mtu analiona. Siku ya kwanza bidhaa zikatokea kwenye gridi bila kuandika hata mstari mmoja wa kodi, nilifurahi sana.

Shida ilianza shangazi alipokaa mbele ya kompyuta. Akauliza jumla iko wapi? Mbona nikibonyeza hapo juu kwenye bei haipangi? Nikitaka kuona rangi tu nafanyaje? Na ni kweli, DBGrid inayokuja na Lazarus inaonyesha data, inakuacha uihariri, basi, hayo mengine ni juu yako. Nikaanza kuandika mwenyewe, jumla kwenye lebo chini ya fomu, kupanga kwa kubadilisha SQL kila kolamu ikibonyezwa, wiki nzima imeisha na bado ukifuta rekodi jumla haibadiliki.

Kabla ya hapo, kwenye kazi nyingine ya Delphi, nilishawahi kuchukua gridi nzuri ya majaribio ya kampuni fulani. Siku za majaribio zilipoisha, fomu zote zilizotumia ile gridi zikawa hazikompailiki, na sosi sikua nayo, nikazijenga upya moja moja. Toka siku hiyo komponenti ya bure naiangalia kwa swali moja tu, sosi kodi iko? Kama haiko hata iwe nzuri vipi siiweki kwenye kazi ya mtu.

Ndo nikaingia Online Package Manager, sehemu ya kupakulia komponenti, ipo ndani ya Lazarus yenyewe kwenye menyu ya Package, nikachukua rx, kifurushi chenye gridi ya RxDBGrid. Hii asili yake ni RxLib, komponenti za Delphi za miaka ya 90 zilizoandikwa na Warusi, upande wa Delphi baadae zikaingizwa kwenye mkusanyiko wa JVCL ambao nayo ni bure na ina komponenti zaidi ya 600, na upande wa Lazarus zikaandikwa upya. Ukiinstoli, Lazarus inajikompaili yenyewe upya alafu inawaka tena na tabu mpya juu, kwa mashine yangu ilichukua muda, usiogope ukafunga katikati.

Nikatoa DBGrid nikaweka RxDBGrid. Jumla, unaenda kwenye kolamu, Footer, ValueType unaweka fvtSum, unataja fildi, unawasha rdgFooterRows kwenye OptionsRx, imekwisha. Kuchuja, unawasha rdgFilter kwenye OptionsRx. Kupanga kwa kubonyeza kichwa cha kolamu kulinisumbua siku mbili kwasababu nilikua sijaongeza yuniti (faili la kodi) ya RxSortSqlDB kwenye uses, ile orodha ya yuniti ambazo programu inatumia, bila hiyo gridi haijui imuombe nani apange. Wiki yangu nzima ya kodi nikaifuta.

Sasa mambo mawili ya TSQLQuery, ile komponenti inayovuta data, ambayo gridi yoyote haitakuokoa nayo. La kwanza, kwa kawaida inavuta rekodi 10 kwa mkupuo, kwahiyo RecordCount inaweza kukuambia 10 wakati bidhaa ni mia tatu, weka PacketRecords iwe -1 au iite Last kwanza. La pili linauma zaidi. Post, yaani kukubali rekodi uliyohariri, peke yake haihifadhi kwenye databesi, lazima ApplyUpdates na baadae Commit. Shangazi aliingiza mzigo wa asubuhi nzima, akafunga programu, akafungua, hakuna kitu. Hakusema neno baya, alichukua kaunta buku akaanza kuandika tena, na mi nilisikia vibaya mpaka leo. Kuanzia FPC 3.0, kompaila ya Lazarus, TSQLQuery ina Options, washa sqoAutoApplyUpdates na sqoAutoCommit, tafadhali sana usimpe mtu programu kabla hujakagua hapo.

Sasahivi anafungua duka la pili na anataka yote mawili yaone stoo moja, ndo nahamia Zeos, komponenti nyingine za kuunganisha programu na databesi. Nayo ni bure na sosi ipo, na raha yake ni kwamba TZConnection ni moja tu, unabadilisha Protocol kutoka sqlite kwenda mysql au postgresql, hubadilishi komponenti, na AutoCommit yake inakuja imewashwa. Kwerii nilizoandika kwa mtindo wa SQLite tu itabidi nizirekebishe, hilo halikwepeki. RxDBGrid inabaki ileile ila yuniti ya kupanga inakua RxSortZeos. Kilichonikwamisha jana ni libmysql.dll, faili la kuunganisha na MySQL, ya biti 64 wakati programu nimekompaili ya biti 32, lazima zifanane. Leo usiku naijaribu tena kwa nakala ya data, ile ya dukani siigusi mpaka shangazi aione yeye mwenyewe inafanya kazi.