Behewa Hataki Kulala

Mzee alikuwa mstaafu wa reli, ndiyo maana ng'ombe wake mkubwa aliitwa Behewa. Alikuwa chotara wa Frizia, mwili mzito, kiwele kimejaa. Nyumbani kwake ni Ipuli, Tabora mjini, na mimi nilikuwa mwanafunzi wa mifugo niliyepelekwa huko kwa mafunzo ya vitendo. Jua la mwezi wa tisa lilikuwa linachoma tulipofika, afisa mifugo wa kata mbele, mimi nyuma na fomu yangu ya kupima ustawi wa ng'ombe wa maziwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mtu wa wapi wewe?"

Nikamwambia ni Mzaramo, na yeye Mnyamwezi, mtani wangu. Nilikuwa nimejitakia.

"Mzaramo na ng'ombe wapi na wapi? Si ukakune nazi huko kwenu!"

Nikamjibu kwamba babu zake walipofika pwani na mizigo vichwani, nazi zetu ndizo zilizowashibisha. Akacheka, akatufungulia banda.

Banda lenyewe, lo! Bati jipya, hori la saruji, na sakafu iliyopigwa niru mpaka inang'aa. Sehemu ya mafao yake iliishia pale. Kila siku vijana walideki kwa maji na fagio gumu. "Hata wewe unaweza kulala hapa," akasema. Shida yake ilikuwa moja tu: maziwa ya Behewa yalikuwa yamepungua, na yeye alimshuku muuza pumba kwamba anachanganya na makapi.

Sisi wengi ng'ombe tunampima kwa ndoo, asubuhi lita ngapi na jioni lita ngapi, basi. Fomu ile iliuliza mengine. Ilifuata zile uhuru tano zilizotangazwa mwaka 1979 na baraza la Uingereza la ustawi wa mifugo: mnyama asiwe na njaa wala kiu, asikae mahali pa kumtesa, asiachwe na maumivu au maradhi, asiishi kwa hofu, na apate nafasi ya kufanya yale ambayo ng'ombe hufanya.

Nilianza na hofu. Unasimama mbele ya hori, unanyoosha mkono, unamsogelea mnyama polepole huku ukikadiria umbali uliobaki kati ya mkono na pua yake pale anapogeuza kichwa. Aliyezoea fimbo hukukimbia ukiwa bado mbali. Behewa alininusa vidole, kisha akairamba saa yangu. Nikaandika sifuri, ambayo hapo ndiyo alama ya juu. Unene nikampa tatu kati ya tano, yaani hakukonda wala hakunenepa kupita kiasi. Maji yalikuwepo, masafi. Yule mzee alikuwa anampenda ng'ombe wake, na hilo lilionekana kabla hata ya kuandika.

Kisha afisa akaniambia tutoke tukakae chini ya mwembe, tumwangalie tu.

Ng'ombe wa maziwa akiwa na raha hulala kati ya saa 10 na 14 kwa siku, na sehemu kubwa ya kucheua anaifanya akiwa amelala. Akilala, damu inayopita kwenye kiwele huongezeka. Behewa alikuwa ameshakula, joto la mchana limetulia, majirani zake kwenye banda wamejibanza kivulini. Yeye amesimama. Anahamisha uzito mguu huu, mguu ule. Anainamisha kichwa, ananusa sakafu huku na huku, anakunja magoti ya mbele kidogo, halafu anaghairi. Alirudia hivyo mpaka nikachoka mimi niliyekaa. Aliposhuka hatimaye, alijibwaga kwa kishindo, puu, nikahisi maumivu ya magoti ambayo si yangu.

Kuinuka ndiko kulikoniuma zaidi. Ng'ombe huinua matako kwanza, na ili ayainue lazima arushe kichwa na shingo mbele. Mbele ya Behewa palikuwa na ukuta. Akarusha kichwa, akagonga, akabaki amekaa kama mbwa mlangoni, kisha akajikokota kwa miguu ya mbele. Nilipokwenda kumkagua miguu ya nyuma, manyoya kwenye viungo yalikuwa yamenyonyoka na ngozi imevimba.

Afisa hakuhutubia. Alimwomba mzee apige magoti palepale kwenye sakafu, na abaki hivyo akihesabu hadi ishirini. Mzee akafika kumi na mbili, akanyanyuka akishika kiuno.

"Sasa mnataka nifanye nini?"

"Mchanga, babu. Mwingi. Na kozi mbili za juu za ukuta wa mbele zitoke."

"Niru yangu niimwagie mchanga? Watu wa mtaani wataniona nimerukwa na akili!"

Bibi, aliyekuwa anapepeta mchele barazani, hakuinua hata macho. "Mwagieni. Mchanga huko korongoni hauuzwi."

Vijana wakachukua toroli. Kuhusu ukuta, mzee alikataa katakata, akasema tutauzungumza mwakani, na mpaka tunaondoka afisa alikuwa bado anambembeleza. Mwisho wa fomu kulikuwa na nafasi ya maoni ya mfugaji. Akaomba kalamu, akavaa miwani, akaandika kwa herufi kubwa: SAKAFU NI NZURI. NG'OMBE NDIYE HAJAIZOEA. Akatia sahihi.