Nilivyodhibiti Kisukari kwa Kuufuatilia Unga Wangu Hadi Mashineni

Kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari mwilini kwa muda wa miezi mitatu hivi, kile ambacho maabara hukiandika HbA1c, kilinipa jibu la 8.4%, ilhali mtu huhesabiwa kuwa na kisukari kuanzia 6.5%. Daktari alinianzishia vidonge vya metformini, akanieleza kwamba nina kisukari cha aina ya pili, ambapo kongosho bado linatengeneza insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu, lakini mwili umekuwa sugu kwa insulini hiyo, kisha akaniambia nipunguze sukari na wanga. Ushauri huo ulikuwa sahihi, lakini uliniacha na swali zito, kwa sababu chai yangu nimeinywa kwa sukari kidogo tangu ujana. Nilitaka kujua sukari yote hiyo ilikuwa ikiingilia wapi. Nikanunua glukomita, kile kifaa kidogo cha kupimia sukari ya damu, katika duka la dawa pale Kariakoo, nikawa napima kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, na kuandika kila nilichokuwa nimekula.

Daftari hilo lilinionyesha mlo wa kawaida kabisa wa mfanyakazi wa Dar es Salaam. Asubuhi ni chapati na chai, mchana ni wali maharage kwa mama lishe karibu na ofisi za Posta, jioni ni soda ya baridi njiani kurudi Kimara, na usiku ni ugali wa sembe au chipsi mayai za kibandani. Ukiutazama mlo huo kwa jicho la mwili, ni kitu kimoja kinachorudiwa kwa majina tofauti: ngano iliyokobolewa, mchele uliokobolewa, mahindi yaliyokobolewa. Wanga wa namna hiyo humeng'enywa upesi na kuwa glukosi, yaani sukari inayoingia kwenye damu, na mtu ambaye insulini yake haifanyi kazi ipasavyo hana namna ya kuiondoa glukosi hiyo kwenye damu kwa kasi inayolingana na ile inayoingia. Chapati mbili zilinipandisha sukari kuliko kitu chochote nilichokuwa nakiogopa.

Nilikwenda kwenye mashine moja ya kusaga huko Manzese, nikamwomba mzee anayeiendesha anieleze kazi yake tangu mwanzo, naye hakuninyima. Punje ya mahindi ina sehemu tatu: ganda la nje lenye nyuzinyuzi, kiini chenye mafuta, vitamini na madini, na sehemu kubwa ya katikati ambayo karibu yote ni wanga. Mashine ya kukoboa huondoa ganda pamoja na sehemu kubwa ya kiini, na kinachobaki ndicho husagwa kuwa sembe. Pumba zinazotoka huko huuzwa kwa wafugaji wa kuku, nguruwe na ng'ombe. Nilipomuuliza kwa nini wanunuzi wake wakubwa hawataki dona, yaani unga wa punje nzima isiyokobolewa, alijibu bila kusita: "Baba, dona halikai. Ukilifunga kwenye mfuko ukalipeleka dukani, baada ya muda linachacha, mteja anakurudishia." Mafuta ya kiini ndiyo yanayoharibika. Mfanyabiashara anayehitaji unga unaoweza kusafirishwa mbali na kukaa rafuni kwa miezi analazimika kuondoa sehemu ile ile ambayo mlaji anaihitaji zaidi, na weupe wa unga, ambao sisi tumeuzoea kama alama ya ubora na heshima mezani, umemrahisishia kazi hiyo.

Mambo hayajawa hivi siku zote. Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walipopima watu wazima katika vijiji vya Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 1989, waliokuwa na kisukari walikuwa takribani 1% tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta 9.1% miongoni mwa watu wa miaka 25 hadi 64. Mbinu za tafiti hizo mbili na watu waliopimwa vilitofautiana, kwa hiyo sidai kwamba tofauti yote ni ongezeko halisi, lakini sioni namna ya kuziangalia namba hizo bila kukiangalia pia chakula kilichobadilika katika kipindi hicho: ngano ambayo sehemu yake kubwa tunaiagiza kutoka nje, mafuta ya mawese yanayokuja kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia, na vinywaji vitamu vilivyofika hadi genge la mwisho mtaani.

Nilianza kununua mahindi mwenyewe soko la Tandale na kusaga dona kidogo kidogo, kiasi cha kutumika kabla hakijachacha. Hapa kuna jambo ambalo wanaolisifu dona hulisahau. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, hukaa kwa wingi zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo anayekula punje nzima anahitaji mahindi makavu yaliyohifadhiwa vizuri. Mke wangu na mimi huyachambua kwenye ungo na kutupa kila punje iliyovunjika au iliyobadilika rangi, ingawa najua macho hayaioni sumu yenyewe. Jambo la pili ni kwamba dona si dawa. Bonge kubwa la ugali wa dona lilinipandisha sukari karibu sawa na sembe, kwa kuwa unga uliosagwa laini humeng'enywa haraka hata ukiwa na ganda lake. Kilichobadilisha namba kwenye daftari ni dona pamoja na ukubwa wa bonge: ugali wa kiasi cha ngumi, nusu ya sahani matembele, mchicha au mlenda, na sehemu iliyobaki dagaa, samaki au kunde.

Kwa mama lishe ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Nilimwomba, "Dada, nipunguzie wali, niongezee maharage na mboga," naye tangu hapo hunipakulia hivyo bila kuuliza. Asubuhi chapati zimepisha yai la kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu, na wakati mwingine choroko zilizobaki usiku. Soda niliiacha kabisa, na juisi za boksi pia. Chupa ya kola ya mililita 350 ina takribani gramu 37 za sukari, yaani vijiko vya chai tisa hivi, wakati Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 kwa siku na kwamba kubaki chini ya 25 ni bora zaidi.

Chipsi mayai na soseji ndivyo vilivyonisumbua zaidi, kwa sababu mkono unaendelea kwenda hata tumbo likiwa limejaa. Nilifarijika kusoma kwamba jambo hilo limepimwa. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake nchini Marekani waliwaweka watu 20 katika kituo cha utafiti, wakawapa chakula kilichosindikwa sana kwa wiki mbili na chakula kisichosindikwa kwa wiki mbili nyingine, wakiwa huru kula watakavyo. Katika wiki za chakula kilichosindikwa walikula takribani kalori 500 zaidi kwa siku, na uzito wao ukapanda. Unene huo, hasa mafuta yanayojikusanya kwenye ini na kuzunguka tumbo, ndio unaozidisha usugu kwa insulini. Sasa tunapika nyumbani hata tunapochelewa kufika, na baada ya chakula cha usiku tunatembea mtaani, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huchukua glukosi kutoka kwenye damu bila kuitegemea sana insulini.

Anayetaka kubadili mlo akiwa anatumia insulini au vidonge kama glibenklamidi aonane kwanza na daktari wake, kwani akipunguza wanga ghafla bila kupunguziwa dawa, sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Metformini peke yake ni nadra kuleta hatari hiyo, ndiyo maana mimi niliruhusiwa kuanza mara moja.

Kipimo changu cha mwisho kilisoma 6.4%, kiuno kimepungua, na daktari amenipunguzia dozi bila kuiondoa. Kinachonishughulisha kwa sasa ni shule ya mwanangu mdogo, ambako mapumziko ya saa nne ni ya maandazi, barafu za rangi na soda. Tumekubaliana na wazazi wenzangu tumwombe mwalimu mkuu awaruhusu akina mama wanaouza pale getini walete pia mihogo ya kuchemsha, karanga na matunda, nasi wazazi tuchangie mtaji wa kuanzia.