Mahakama ipo Arusha, lakini kesi yako itafunguliwa wapi?

Swali hili halikauki: nimeshindwa Mahakama ya Rufani, je, naweza kuipeleka serikali Mahakama ya Afrika pale Arusha? Kwa Mtanzania jibu ni hapana, angalau si kwa mkono wake mwenyewe. Mlango huo ulifungwa 22 Novemba 2020.

Sababu iko kwenye Ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoanzisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Nchi kuridhia Itifaki hakumtoshi mwananchi. Ni lazima nchi hiyo itoe tamko la ziada la kukubali kushitakiwa na watu binafsi na asasi za kiraia. Tanzania ilitoa tamko lake mwaka 2010 na kuliondoa Novemba 2019. Kwa nini basi mlango ulifungwa mwaka mmoja baadaye? Kwa sababu Rwanda ilipoondoa tamko lake mwaka 2016, Mahakama iliamua kwamba tamko haliondolewi usiku mmoja. Lazima kuwe na notisi ya mwaka mzima. Benin na Côte d'Ivoire zilifuata mwaka 2020, Tunisia mwaka 2025. Kenya, Uganda, Burundi na Kongo hazikuwahi kutoa tamko. Katika nchi zote zinazopakana na Tanzania, ni Malawi peke yake ambayo raia wake anaweza kuishitaki serikali yake Arusha moja kwa moja.

Husemwa kwamba Tanzania "imejitoa Mahakama ya Afrika". Si sahihi, na kosa hilo lina madhara kwa watu wenye kesi. Tanzania bado ni mwanachama wa Itifaki. Maombi yaliyosajiliwa kabla ya tarehe ile yanaendelea kusikilizwa, kwa hiyo mfungwa aliyefungua maombi mwaka 2018 asiambiwe kesi yake imekufa. Na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, bado inaweza kuifikisha Tanzania Arusha, maana yenyewe haihitaji tamko. Ndivyo Waogiek wa msitu wa Mau walivyofika pale ingawa Kenya haina tamko: Tume ndiyo iliyofungua kesi, hukumu ikatoka 26 Mei 2017, na 23 Juni 2022 Mahakama ikaamuru fidia ya jumla ya shilingi za Kenya 157,850,000. Ila Tume si njia ya mwenye haraka. Lalamiko la jamii ya Waendorois dhidi ya Kenya lilipelekwa huko mwaka 2003, uamuzi ukatoka 2009.

Banjul au Arusha, masharti ya kupokelewa ni yale saba ya Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mengi ni mepesi: jitambulishe, usitegemee habari za magazeti pekee, usiwatukane viongozi au majaji. (Hili la matusi lichukulieni kwa uzito. Kumwita jaji mla rushwa bila ushahidi hakuongezi chochote kwenye hoja, na kunaipa serikali pingamizi la bure.) Mawili ndiyo yanayoua kesi: kumaliza njia za ndani ya nchi, na kuwasilisha ndani ya muda unaofaa.

Kwenye njia za ndani, Mahakama ya Afrika imekwisha kuamua jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa mtu aliyehukumiwa kwa jinai Tanzania, safari inaishia kwenye uamuzi wa rufaa wa Mahakama ya Rufani. Maombi ya mapitio mbele ya mahakama hiyo hiyo, na shauri la kikatiba Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, ni njia za ziada. Si lazima kuzipitia. Pia si lazima uwe umetaja kila haki kwa jina lake ukiwa kwenye rufaa. Katika hukumu ya 20 Novemba 2015, kuhusu mfungwa aliyeendeshewa kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha bila wakili, Mahakama ilisema haki za kusikilizwa kwa haki ni fungu moja linalokwenda pamoja, na mahakama za ndani zilipata nafasi ya kuziangalia hata kama hazikutajwa moja moja.

Kinachofuata ni muda. Mkataba hautaji idadi ya miezi, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Mwaka 2017 Mahakama ilikubali maombi ya mfungwa aliyechelewa miaka 5 na mwezi 1. Septemba 2019 ikayakataa maombi ya wafungwa wawili waliochelewa miaka 5 na miezi 4. Tofauti si ile miezi mitatu. Wa kwanza alieleza hali yake: yuko gerezani, hana wakili, si mjuzi wa sheria. Wale wawili nao walikuwa gerezani, lakini hawakueleza wala kuthibitisha kilichowachelewesha. Kwa hiyo kuchelewa kuelezwe kwenye maombi yenyewe, na kila sababu iwe na karatasi yake: barua ya kuomba nakala ya hukumu, mhuri wa gereza, tarehe nakala ilipopokelewa. Kukaa kimya ukitumaini majaji watakuhurumia ni mkakati mbovu.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, inaendeshwa kinyume kabisa na hayo. Hapo huna haja ya kumaliza njia za ndani, lakini una miezi 2 tu tangu kitendo kufanyika, au tangu ulipokijua, kwa mujibu wa Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakili aliyezoea kupanda ngazi za mahakama za nyumbani kwanza atafika hapo akiwa amechelewa kwa miaka. Na usitegemee hoja kwamba uvunjaji "unaendelea": mwaka 2012 Kitengo cha Rufaa cha mahakama hiyo kiliikataa katika kesi dhidi ya Kenya kuhusu watu walioteswa na kupotezwa Mlima Elgon. Binafsi naona msimamo huo ni mkali kupita kiasi kwa watu walioteswa au kupotezwa, lakini ndiyo sheria iliyopo.

Jambo jingine ni namna ya kuandika dai. Ibara ya 27(2) ya Mkataba huo wa Jumuiya inasema mamlaka ya haki za binadamu yatakuja baadaye kwa itifaki, na itifaki hiyo haijafika. Ukiandika tu "haki zangu za binadamu zimevunjwa" umeikaribisha serikali ipinge mamlaka ya mahakama. Dai liandikwe kama uvunjaji wa Mkataba wa Jumuiya, hasa Ibara za 6(d) na 7(2) zinazotaja utawala bora, utawala wa sheria na kuheshimu haki za binadamu. Njia hiyo ilifunguliwa na kesi ya Katabazi dhidi ya Uganda mwaka 2007, na ndiyo iliyotumika Machi 2019 mahakama iliposema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania vinakiuka Mkataba. Ushahidi nao utoke eneo lenyewe la tukio. Wanavijiji wa Loliondo walishindwa Septemba 2022 kwa kuwa hawakuthibitisha kwamba ardhi waliyohamishwa iko nje ya mipaka ya hifadhi ya Serengeti. Kitengo cha Rufaa kikautengua uamuzi huo Novemba 2023 na kurudisha shauri kwenye kitengo cha kwanza.

Umoja wa Mataifa wengi huusahau. Tanzania na Kenya hazijaridhia itifaki ya kupeleka malalamiko kwenye Kamati ya Haki za Binadamu. Uganda na Kongo zimeridhia. Lakini Tanzania imeridhia itifaki za malalamiko za mikataba miwili: wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake na wa haki za watu wenye ulemavu. Zote zimekwisha kutumika. Mwaka 2015 kamati ya wanawake iliamua kwa faida ya wajane wawili walionyimwa urithi chini ya sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963. Rufaa yao nyumbani ilikuwa imeondolewa kwa sababu ya kosa la tarehe kwenye amri ya Mahakama Kuu. Mwaka 2017 kamati ya watu wenye ulemavu ilikuta ukiukaji katika kesi ya mtu mwenye ualbino aliyekatwa mkono.

Kwa aliyekamatwa na kushikiliwa kiholela, kipo Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa cha Kuzuiliwa Kiholela. Hakidai nchi iwe imeridhia chochote, wala hakidai umalize njia za ndani. Unajaza dodoso lao, serikali inapewa siku 60 kujibu, kisha wanatoa maoni. Hakuna polisi atakayeyatekeleza, ila ni maandishi unayoweza kuyaweka mezani kwa hakimu wa dhamana.

Usifungue shauri moja sehemu mbili. Kamati hizi mbili za Umoja wa Mataifa hukataa lalamiko ambalo chombo kingine cha kimataifa kinalichunguza au kimekwisha kulichunguza, na Banjul hawapokei lililokwisha kumalizwa kwingine. Uchaguzi wa mlango ufanyike wiki ile ile tukio linapotokea, kabla miezi 2 ya Afrika Mashariki haijayoyoma.