Jinsi nilivyopima kasi ya kuungua kwa jiwe la Manda

Nimezaliwa Lamu, kwenye nyumba ya matumbawe iliyojengwa kwa chokaa, na babu yangu mzaa mama ni mchomaji chokaa. Nilipotakiwa kuchagua mada ya shahada ya uzamili katika kemia sikuhangaika. Nilitaka kujua jiwe la Manda Maweni, ng'ambo ya mkondo kutoka mjini kwetu, huvunjika kwa kasi gani likipata moto, na nini hasa kinachoiamua kasi hiyo.

Kilo 100 za kalisi kabonati safi, madini ambayo ndiyo sehemu kubwa ya jiwe la matumbawe, zikiungua zote hubaki kilo 56 za chokaa. Zile 44 zimekwenda hewani kama kaboni dioksaidi. Ndiyo maana mizani peke yake yatosha kulifuatilia jambo lote. Mashine ya thamogravimetri ni mizani nyeti iliyounganishwa na tanuri dogo la umeme: unatia unga wa jiwe katika kikombe cha alumina kisichozidi ncha ya kidole, unapandisha joto kwa mwendo unaoutaka, nayo inaandika uzito muda wote.

Wiki ya kwanza sikugusa jiwe. Nilichoma kikombe kitupu, kwa sababu gesi ikipata moto huwa nyepesi, na mizani huonyesha uzito umeongezeka ilhali hakuna kilichoongezwa. Mchoro huo wa kikombe kitupu ndio unaoutoa katika kila kipimo baadaye. Kisha nikapima kalisi oksalati yenye maji, ambayo hushuka kwa ngazi tatu zinazojulikana: asilimia 12.3, 19.2 na 30.1. Ngazi zangu zilipokaa mahali pake, niliiamini mashine.

Jiwe nililiosha chumvi, nikalikausha, nikalisaga. Nilitia miligramu 30, nikafunika kikombe ili unga usiruke, nikapandisha joto kwa nyuzi 5, 10 na 20 kwa dakika. Nilikokotoa nishati amilishi, yaani kizingiti cha nishati ambacho mmenyuko lazima uvuke ili uende, kwa njia aliyoitoa mtafiti Homer Kissinger mwaka 1957, inayotazama tu halijoto ambapo kasi iko kileleni. Nukta zangu tatu zililala kwenye mstari ulionyooka kabisa. Nilifurahi mno.

Msimamizi wangu hakufurahi. Aliniambia nukta tatu hunyooka kwa urahisi, na kwamba nikokotoe upya kwa njia ya Friedman, ambayo hutafuta nishati amilishi kwa kila hatua ya kuungua: asilimia 10, 20, hadi 90. Nilipofanya hivyo, nishati ilitangatanga kutoka kilojuli 190 kwa moli hadi karibu 280. Kama mmenyuko ungekuwa unakwenda kwa hatua moja, kiasi hicho kingetulia. Nilikaa na grafu ile siku nyingi, nikaanza kudhani jiwe letu lina kitu kigeni ndani yake.

Likizo nilirudi nyumbani nikamkuta babu anapanga tanuu. Alikuwa akivunja mawe yawe kiasi cha ngumi, na kila safu akiacha mianya. Nilipomsaidia nikayabana sana, akanizuia mkono: "Mwanangu, yatie ndia, yapate kupumua."

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Kabonati kuvunjika ni jambo linaloweza kurudi nyuma. Kaboni dioksaidi ikizuiliwa karibu na jiwe, inalizuia lisiendelee kuvunjika. Ikiwa ndiyo gesi pekee iliyolizunguka jiwe, kwa shinikizo la kawaida la hewa, jiwe husubiri mpaka karibu nyuzi 900. Kifuniko changu kilikuwa kimeifungia gesi ndani, na miligramu 30 zilikuwa zikitoa nyingi kuliko ilivyoweza kutoka. Nilikuwa nimepima namna gesi inavyohangaika kutoka kikombeni.

Nairobi nilianza upya: miligramu 5 zilizotandazwa nyembamba, bila kifuniko, nitrojeni ikipita juu yake, joto likipanda polepole. Safari hii jiwe lilianza kupungua karibu na nyuzi 600, na nishati amilishi ikatulia karibu na 185 tangu mwanzo hadi mwisho. Joto linalohitajika kuivunja moli moja ya kabonati ni kilojuli 178 hivi, kwa hiyo 185 yangu ilikuwa mahali pa kuaminika. Nilihisi kama nimepewa jiwe letu upya.

Lakini unga wa miligramu 5 si jiwe la ngumi, ambalo joto lina safari ndefu kulifikia moyo wake. Kwa hiyo mwezi uliopita nilitoboa jiwe moja, nikapenyeza waya wa kupimia joto hadi katikati, na babu akaliweka kwenye tanuu kwa mkono wake. Tulikaa upande wa pepo tukisoma namba. Ilipanda, ikapanda, ikafika karibu na nyuzi 880 na kusimama, huku nje ya jiwe kukizidi kuwaka. Ilisimama hapo zaidi ya nusu saa. Ilipoanza kupanda tena, babu alikuwa ameshainuka, anatafuta koleo.